Diwani Asiye na Mtaa

Mkazi wa Nanduadua, mtaa mmojawapo wa mji wa Mocímboa da Praia, akiulizwa diwani wake ni nani, huenda akamtaja katibu wa mtaa. Jirani yake atamtaja meya. Mwingine atataja chama. Hakuna wa kumlaumu, kwa sababu mtu anayeuliziwa, yaani aliyechaguliwa na Nanduadua ili aisemee Nanduadua, hayupo katika sheria za Msumbiji.

Tarehe 11 Oktoba 2023 manispaa 65 za nchi hiyo zilipiga kura. Mpiga kura aliweka alama mbele ya chama. Kura zikahesabiwa kwa mji mzima, viti vya baraza la manispaa vikagawanywa kwa uwiano, na aliyeongoza orodha iliyoshinda akawa meya. Utaratibu huo wa kumpata meya kwenye orodha ulianza 2018. Kabla ya hapo meya alikuwa na kura yake. Diwani basi huingia barazani kwa nafasi aliyopangiwa na chama. Aliyewekwa juu anajua atapita, aliyewekwa chini anajua amesindikiza wenzake, na wote wawili wanamjua aliyewapanga.

Ng'ambo ya mto Ruvuma, Tanzania, mambo ni mengine. Diwani wa Mtwara au Newala ana kata yenye mipaka. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata, na mtendaji wa kata ni katibu wake. Anaweza kuwa mvivu, anaweza kuwa bubu kikaoni, lakini anajulikana, na watu wanajua mlango wa kugonga. Akishindwa kuleta darasa au kisima, vijiweni atasemwa kwa jina lake.

Tofauti hii ingekuwa jambo la wanasheria tu kama Cabo Delgado, mkoa wenye Mocímboa, ingekuwa shwari. Haiko shwari. Mocímboa ndipo vita vya sasa vilipoanza, 5 Oktoba 2017, vituo vya polisi viliposhambuliwa alfajiri na wapiganaji wa Kiislamu wenye msimamo mkali. Mji ulitekwa Agosti 2020 na kukombolewa 8 Agosti 2021 na majeshi ya Rwanda na Msumbiji. Wakimbizi wa ndani wa vita hivi walifika wakati mmoja zaidi ya milioni 1. Waliorudi Mocímboa wamekuta nyumba zimechomwa, na ofisi za serikali pamoja na karatasi zake zimechomwa vilevile. Wanachokililia ni mambo ya mtaani: mpaka wa kiwanja, kitambulisho, bomba, ruhusa ya kwenda baharini, taa ya zahanati. Haya hayasubiri kikao cha mji mzima.

Wiki ya diwani wa Mocímboa haina ratiba ya udiwani. Baraza huketi vikao vichache kwa mwaka, na malipo yake ni posho ya kikao. Siku nyingine zote ni mwalimu, au mfanyabiashara, au mwenye mashua anayewasubiri mabaharia wake pwani. Barazani hupitisha bajeti, mpango wa mwaka na viwango vya ushuru. Utekelezaji uko mikononi mwa meya na wale anaowateua kusimamia idara, ambao wenyeji huwaita vereador. Soko lina vereador wake, usafi una wake. Si waliochaguliwa na wauza samaki, na aliyewateua anaweza kuwatoa.

Tuingie sokoni. Mtoza ushuru hupita na kitabu cha senha, yaani tiketi za ushuru, anachana kipande, anapokea sarafu, anasogea meza ya pili. Mama anayeuza samaki wa kukaanga hukichomeka kile kipande chini ya beseni kisipeperuke, maana akikipoteza atalipishwa tena. Akiuliza lini soko litapata choo na bomba, mtoza ushuru hana jibu, wala si kazi yake kuwa nalo. Anayepaswa kuulizwa ni aliyeinua mkono kupitisha kiwango cha ile senha. Mama huyo hamjui, na pengine wanapishana kila siku njiani.

Anayemjua ni katibu wa mtaa. Kwenye meza yake kuna muhuri, kidau cha wino na daftari lililokunjika kona. Bila barua yake, yenye kusema kwamba fulani anaishi hapa na sisi tunamtambua, mtu hafiki mbali katika kutafuta kitambulisho kipya. Na bila kitambulisho, kwenye vizuizi vya barabarani unaweza kushukiwa kuwa mmoja wa wale walioko porini. Majirani wakigombania kiwanja baada ya kurudi kutoka Pemba au Montepuez, katibu ndiye anayeitwa kusema mwembe ulikuwa upande wa nani. Wengi wao ni watu wa kuheshimiwa. Viongozi wa vijiji na mitaa ya mkoa huu walisakwa na wapiganaji na kuuawa kwa sababu tu walishika muhuri wa serikali.

Lakini katibu hakupigiwa kura ya siri. Cheo chake kilitokana na muundo wa chama tawala, Frelimo, wa baada ya uhuru wa 1975, uliokwenda hadi kwa mkuu wa nyumba kumi, kama tulivyokuwa na balozi huku kwetu. Amri ya serikali namba 15 ya mwaka 2000 ilimtambua kuwa kiongozi wa jamii pamoja na machifu. Machoni mwa wapinzani ameendelea kuwa mtu wa chama. Kwa hiyo anayesikia kero hakuchaguliwa, na aliyechaguliwa hasikii.

Pengo hilo limejazwa na wengine. Askari wa Rwanda, walioingia Julai 2021, wengi wao wanazungumza Kiswahili, na Mmwani, mwenyeji wa pwani ya Mocímboa, anasikilizana nao kuliko anavyosikilizana na ofisa aliyetoka kusini na Kireno chake. Waandishi wengi wamesimulia jinsi wakazi wanavyowaendea hata kwa ugomvi ambao si wa kijeshi. Ni sifa kwa askari hao. Kwa baraza la manispaa ni aibu, hata kama hakuna anayeitamka.

Palma, kaskazini zaidi, haina hata hilo baraza. Wilayani mwake, huko Afungi, ndipo penye mradi wa gesi wa TotalEnergies unaokadiriwa kugharimu dola bilioni 20, uliosimamishwa baada ya shambulio la 24 Machi 2021 na kufunguliwa tena njia Novemba 2025. Mradi ulipewa eneo la takriban hekta 7,000. Familia zilizokuwa ndani yake zilihamishiwa kijiji kipya cha Quitunda, na wavuvi wakalalamika kwamba sasa bahari iko mbali. Malalamiko hayo yaliandikwa kwenye ripoti, yakapelekwa kwa kampuni, kwa msimamizi wa wilaya, kwa mashirika. Hayakupelekwa kwa diwani wa Palma, kwa kuwa Palma si manispaa. Msimamizi wa wilaya huteuliwa kutoka juu, na baraza lililo chini yake ni la ushauri.

Wakati manispaa mpya 12 zilipoundwa 2022, Cabo Delgado ilipata mbili: Balama na Ibo. Sina neno na Ibo. Kisiwa hicho kiliwahi kuwa makao makuu ya eneo zima, na watu wake wanastahili meya wao. Lakini ukiweka Ibo na Palma kwenye mizani ya mambo yanayohitaji kuamuliwa na wakazi wenyewe, ni vigumu kuona kwa nini Palma iliachwa. Kisha marekebisho ya katiba ya 2018, yaliyoahidi uchaguzi wa mabaraza ya wilaya kuanzia 2024, yakabadilishwa bungeni 2023 kabla kura haijapigwa. Mlango wa pili nao ukafungwa.

Aliyeingia mahali pa baraza ni kampuni. Baada ya ripoti ya 2023 iliyoandikwa na Jean-Christophe Rufin kwa ombi la TotalEnergies, kampuni hiyo ilianzisha mfuko wa maendeleo wenye dola milioni 200, ukaitwa Pamoja Tunaweza. (Jina lenyewe la Kiswahili, katika nchi ambayo barua za serikali huandikwa kwa Kireno, mtu alifanya utafiti wake vizuri.) Mfuko unaweza kuchimba visima vizuri kuliko manispaa yoyote ya jirani. Ila kijiji kikirukwa, nani atawajibishwa, na kwa kura ipi?

Kilwa inatoa mfano wa karibu. Gesi ya kisiwa chake cha Songo Songo ilipoanza kwenda Dar es Salaam 2004, palikuwa na halmashauri ya wilaya yenye madiwani. Halmashauri hiyo hulipwa ushuru wa huduma, na fedha zikiingia kuna baraza la kuzigombania kata kwa kata. Sisemi Kilwa imetajirika. Nasema ugomvi wa fedha zile una ukumbi wake, na mwananchi anaweza kumuuliza diwani fungu la kata yake limekwenda wapi.

Wanaopinga wazo la madiwani wa mitaa na manispaa ya Palma wana hoja, nami siwezi kuzipuuza. Wapo wanaosema vita havijaisha, uchaguzi Palma utakuwa hatari. Jibu ni jepesi: Mocímboa yenyewe ilipiga kura 2023, miaka miwili tu baada ya kukombolewa. Kwa upande wa pili wapo wanaoisifia Tanzania kupita kiasi, nao wakumbushwe kwamba kata peke yake si kinga. Mwaka 2019 CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99 ya viti vya vijiji na mitaa baada ya wapinzani wengi kuenguliwa, na 2020 madiwani wengi walipita bila kupingwa. Diwani asiye na mpinzani hana haja ya kumtafuta mwananchi, awe na kata au asiwe nayo.

Hoja nzito zaidi ni ya historia. Mei 2005 Mocímboa ilifanya uchaguzi mdogo wa meya, mgombea wa Frelimo akatangazwa mshindi kwa kura chache dhidi ya wa Renamo, chama cha upinzani. Renamo ikakataa, ikamtawaza wa kwake, na Septemba mji ukalipuka; watu wakafa, nyumba zikachomwa. Ugomvi ulivaa nguo za vyama lakini ulipita mle mle kwenye mpasuko wa Wamwani wa pwani na Wamakonde waliotoka bara. Mitaa ya mji huo kwa kiasi fulani imegawanyika hivyo hivyo. Ukichora kata leo, unaweza kuwa unachora ramani ya makabila na kuipa viti. Orodha ya mji mzima, kwa ubaya wake wote, hulazimisha chama kuchanganya majina.

Orodha ina wema mwingine: huingiza wanawake. Chama kikiamua kupanga mwanamke kila baada ya wanaume wawili, atapita. Tanzania wanawake ni wachache sana kwenye viti vya kata, ndiyo maana tukabuni viti maalumu, navyo hugawanywa na chama, na mwenye kiti hicho mara nyingi huonekana diwani wa daraja la pili.

Ndiyo maana siungi mkono kufuta orodha. Nusu ya viti ibaki kwa uwiano, nusu itoke mitaani, na mipaka ichorwe kwa makusudi ili mtaa wa pwani na wa bara iangukie kata moja pale inapowezekana. Mgombea atakayelazimika kuomba kura msikitini na kwa wachonga vinyago wa Kimakonde atachunga ulimi wake. Hilo linahitaji bunge la Maputo, na bunge la Maputo lilionyesha 2023 jinsi linavyozishughulikia ahadi za aina hii.

Kuna hatua isiyohitaji bunge. Madiwani wa Mocímboa wanaweza kugawana mitaa wenyewe, wa Frelimo na wa upinzani wawili wawili, majina yao yakabandikwa kwenye mlango wa katibu wa kila mtaa pamoja na siku ya kupatikana. Haitawapa madaraka mapya, wala posho. Itawanyima tu nafasi ya kusema hawakuambiwa. Ibo, ambayo baraza lake bado changa na mazoea hayajakomaa, inaweza kuanza kabla ya Mocímboa. Palma nayo ipewe hadhi ya manispaa kabla ya uchaguzi wa 2028, kwa sababu mradi ukishakamilika na barabara, viwanja na soko vikishagawanywa, baraza litakalozaliwa baadaye litakuta la kusimamia ni taka na senha.