Mwepesi wa Kuperuzi, Mzito wa Kupima

"Waache, hao ni watoto wa mtandao, wanajua kuliko sisi." Kauli hii naisikia Nyamirambo, hapa Kigali, kila wazazi wanapokaa na mazungumzo yakafika kwenye simu. Nimeichoka. Ni uvivu wetu, tumeuvika kilemba cha sifa.

Juzi binti wa jirani, mtaani Biryogo, miaka 15, alinionyesha video ya TikTok: changanya limau na dawa ya meno, paka usoni, chunusi kwaheri. Aliipata kufumba na kufumbua. Mimi ningekuwa bado natafuta miwani. Nikamuuliza amejuaje kuwa ni kweli. "Huyu dada alipaka, zikaisha. Halafu ona watu walivyoipenda, mzee." Shavu lake la kushoto lilikuwa limeshababuka. Swali dogo lilimpita: na wasiopaka kitu, zao haziishi? Chunusi za umri ule mara nyingi huja na kuondoka zenyewe.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rwanda waliupima uwezo huu wa kuhoji madai ya afya katika shule 84, kwa wanafunzi wa mwaka wa pili wa sekondari. Nusu ya shule zilipewa masomo 10 ya kuuliza maswali kama haya. Mmoja akipona, dawa imethibitika? Kinachopendwa na wengi ndicho kinachotibu? Umekilinganisha na nini? Nusu nyingine ziliendelea kama kawaida. Ulipokuja mtihani, waliofundishwa walifaulu takriban 58 katika kila 100. Wasiofundishwa, 21.

Utaniambia wasiofundishwa walianguka kwa kuwa wengi wa vijijini hawana simu. Sawa, lakini simu ilimfundisha nani kulinganisha? Huyu wa Biryogo anayo, na shavu lake tumeliona.

Nakiri, masomo 10 si muujiza: hata waliofundishwa, 42 hivi katika 100 walianguka. Wala siwaungi mkono wanaotaka simu zinyang'anywe. Limau lilipakwa usoni kabla simu hazijafika Kigali, na aliyeshauri wakati huo alikuwa shangazi, ambaye naye hakuulizwa amejuaje.

Masomo yenyewe hayadai kompyuta kwa kila mtoto. Yalitengenezwa yaweze kufundishwa hata kwa chaki, na yanapatikana bure. Walimu wakuu wa Kigali, yaulizieni kabla ya muhula ujao. Ubao mnao.