MWENYE GARI NI MMOJA, VILIMA NI VINGI



Liko neno linalopendwa sana na wakubwa wa makampuni: magari yakiwa ya tajiri mmoja, basi na injini ziwe za namna moja. Wasema vipuri vitakuwa rahisi na fundi atajifunza kazi moja tu. Sisi watu wa reli twalijibu neno hili, maana kwetu ni la zamani.

Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1948, reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zikawa chini ya mkono mmoja. Je, lilinunua injini ya namna moja kwa njia zote? La. Garratt za daraja la 59, jumla yake 34, zilizotoka Manchester mwaka 1955 na 1956, zilikandamiza reli kwa tani 21 kila ekseli. Zikapewa njia ya Mombasa na Nairobi, yenye reli nzito. Zile za daraja la 60, jumla yake 29, zilikandamiza kwa tani 11 tu, zikafaa reli nyepesi. Kama wakubwa wangaliamuru daraja moja tu, ama reli nyepesi zingalivunjika, ama shehena ingalirundikana Mombasa.

Hatukatai vitu kufanana. Viungo vya mabehewa na breki lazima vifanane, la sivyo treni haiungiki. Katika malori, matairi, taa na betri na vifanane, twakubali. Lakini nguvu ya injini hupimwa kwa mzigo na kilima, haipimwi kwa jina lililoandikwa mlangoni.

Sasa tazameni Kericho na Bomet. Mwaka 2023 kampuni ya Browns ya Sri Lanka ilinunua mashamba ya James Finlay, na mwaka 2024 yakatangazwa mapatano ya kuiuzia mashamba ya Lipton, yale yaliyokuwa ya Unilever. Wakulima wadogo nao wana viwanda vyao vya hisa chini ya KTDA. Hatusemi kwamba yeyote kati yao amekwisha kosea katika injini. Twasema mapema, kabla mkataba haujatiwa sahihi.

Mji wa Kericho uko juu ya bahari kwa mita 2,000 na zaidi, na hewa ya huko ni nyepesi. Injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Basi lori lililosifiwa Mombasa lafika Kericho limepungukiwa na sehemu mbili katika kumi, kisha lapakiwa majani mabichi na kuonyeshwa matope ya masika na kilima. Majani nayo hayangoji. Yakikaa yamebanwa hupata joto, hugeuka mekundu, na chai huharibika.

Hapo hulaumiwa nani? Dereva. Na lori likirudi nyuma kilimani, aliye nyuma ya gurudumu na jiwe mkononi ni utingo, si karani aliyechagua injini akiwa mezani. Adhabu ya kaburi aijua maiti.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, dereva na fundi waliochaguliwa na wenzao wakae katika kamati ya kununua magari. Pili, kila injini ijaribiwe wakati wa masika, kwa mzigo kamili, katika kilima kibaya kuliko vyote, kabla ya fedha kutolewa. Tatu, bei ihesabiwe pamoja na mafuta, vipuri na siku ambazo gari hulala karakana, si bei ya dukani peke yake.

Hesabu hii haidai chuo kikuu. Inadai tajiri amwulize mtu anayeshika usukani.

Wanachama, lipelekeni neno hili katika matawi yenu. Msingoje lori lianguke ndipo mseme.