TAIRI NZURI NI SEHEMU YA UZAZI SALAMA (Mama na Safari, sehemu ya 4)

Leo nesi wenu nimekuja na tairi. Ndiyo, tairi za gari. Msinicheke kwanza.

Najua wa Songo Mnara mtasema, "Nesi, sisi watu wa mashua, tairi zinatuhusu nini?" Zinawahusu sana. Mashua inakuvusha ng'ambo tu. Ukishuka, hospitali bado iko mbele, na gari utakalopanda ndilo litakaloamua utafika mapema au utakesha kwenye tope.

Sisi watu wa afya tunafundishwa kwamba mama mjamzito huponzwa na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Ule wa kwanza tunauimba kila kliniki. Ule wa pili watu wanamwachia dereva na Mungu. Mimi sikubali. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kutuacha ndani ya saa chache tu. Hana muda wa kusubiri gari lisukumwe.

Basi maoni yangu ni haya: familia yenye gari, au kikundi chenye gari, kitoe hela ya tairi kabla ya hela ya muziki, rimu za kung'aa na tinti. Na sisi akina mama tuwe na sauti katika uamuzi huo, maana nyuma tunakaa sisi na watoto.

Utasikia mtu anajisifu, "Gari langu fo-wili, halikwami." Jamani, fo-wili inazungusha magurudumu yote manne, lakini kinachoshika ardhi ni tairi. Tairi kipara zikizunguka nne kwenye utelezi, zote nne zinateleza. Na kwenye kusimama fo-wili haikusaidii kitu. Hapo ni breki na tairi.

Dukani utakutana na aina tatu. Ukiona H/T, hiyo ni ya lami: laini, kimya, ila kwenye tope inajaa udongo na kuwa kama kandambili iliyolowa. M/T ni ya matope, ina meno makubwa. Vijana wanaipenda kwa picha, lakini kwenye lami inanguruma, inakula mafuta, na mvua ikinyesha inachelewa kusimama. Katikati yao kuna A/T, ya kila njia. Safari zetu zinachanganya mchanga wa pwani, udongo wa vijijini, kisha lami ndefu ya Nangurukuru au Lindi. Kwa safari hizo mimi nasimama na A/T. Sio bingwa wa tope wala sio bingwa wa lami, lakini ni ile inayokufikisha kote kuwili.

Ukubwa fuata uliopangiwa gari lako; mara nyingi umeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kuvimbisha tairi kuliko ilivyopangwa kunaisumbua breki, na mwendo unaousoma kwenye dashibodi unakuwa wa uongo.

Halafu angalia umri. Kama unavyosoma tarehe kwenye chupa ya dawa ya mtoto, soma na tairi. Ubavuni tafuta herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi wanasema ikifika miaka 10 itolewe, hata kama meno bado yapo, kwa sababu mpira unazeeka kwa joto hata ukiwa umekaa tu. Kwa hiyo tairi za mtumba zisikudanganye kwa kung'aa. Katikati ya michirizi pia kuna vituta vidogo. Meno yakishuka yakalingana navyo, yamebaki milimita 1.6, na kwa njia zetu za masika hapo umeshachelewa.

Upepo nao: kwenye mchanga mwingi dereva mzoefu hupunguza upepo kidogo ili tairi itandazike. Sawa. Lakini akipanda lami aurudishe. Tairi yenye upepo mdogo, mzigo mzito na mwendo kasi hupata joto mpaka ipasuke. Na spea iwepo, iwe na upepo, pamoja na jeki na spana.

"Nesi, tairi ni ghali." Kweli, ni ghali. Ndiyo maana nasema iwekwe kwenye kikoba mapema, kama mnavyoweka ya kujifungua. Zikipatikana mbili tu, mafundi wengi wanashauri mpya zikae nyuma, gari lisizungushe mkia.

Tusidanganyane pia. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, mafuriko yalikata barabara kuu hapa Kilwa, na Somanga magari yakakwama. Hakuna A/T inayovuka daraja lililochukuliwa na maji. Ndiyo maana mama aliyekaribia, msimu wa mvua, asogee karibu na hospitali mapema. Tairi ni msaada, sio mtumbwi.

Dharura ikitokea, piga 115, ni bure. Huo ni mfumo wa m-mama, na pale ambapo gari la wagonjwa halipo karibu hutumwa dereva wa jamii. Basi kwenye mkutano wa kijiji, msiishie kushangilia gari la wagonjwa likiletwa na kupiga nalo picha. Simama mama, uliza: tairi zake za mwaka gani? Spea ipo? Fedha ya kuzibadilisha imetengwa wapi? Hayo ni maswali ya uzazi kabisa, wala usione haya.

Kesho kabla hujapakia watoto kwenye gari lolote, zunguka mara moja, inama, soma ubavu. Ni dakika mbili tu.

Sehemu ya 5 tutarudi baharini: maboya, na nani avae kwanza.