Motokaa Kuukuu na Pesa za Jasho



Kila mara wenzetu wapatapo mkopo wa Sacco au malipo ya kustaafu, wengi hukimbilia kununua motokaa iliyokwisha tumika. Hatuwalaumu. Motokaa mpya si ya mshahara wetu, na nyingi zinazoteremshwa Mombasa kutoka Ujapani zimekwisha endeshwa huko. Sheria ya Kenya yataka zisipite umri wa miaka 8. Tunalolaumu ni haraka.

Mnunuzi hutazama rangi. Rangi ni rahisi kuliko vyote kufanywa upya, na saa ya kilomita nayo hurudishwa nyuma. Basi tazameni mpira wa pedali ya breki: gari lisemalo kilomita 60,000 huku mpira umelika hadi chuma, lasema uwongo. Nendeni asubuhi, injini ikiwa baridi. Mkikuta muuzaji amekwisha ipasha moto, ulizeni kwa nini. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Tena mchukueni fundi wenu, mumlipe wenyewe. Fundi aliyeletwa na dalali ni wa dalali.

Lakini injini mbovu yaweza kutengenezwa. Karatasi mbovu haina fundi. Gari laweza kuwa zuri kabisa, kumbe limewekwa rehani kwa mkopo wa logibuku, na siku moja watu wa mnada waje kulichukua mlangoni penu, na pesa zimekwisha kwenda. Kuonyeshwa logibuku hakutoshi. Fanyeni sachi ya NTSA katika eCitizen, mwone jina la mwenyewe, na kama kuna mkopeshaji aliyeandikwa pamoja naye. Tangu sheria ya 2017 kuna pia daftari la serikali la dhamana za mali zinazohamishika, nalo litazamwe. Kisha linganisheni namba ya chesisi ya karatasi na ile iliyopigwa kwenye chuma. Kabla ya hayo dalali asipewe arubuni, hata shilingi moja.

Jambo moja twalisema ijapokuwa litawaudhi wengine. Mkopo wa Sacco una wadhamini, nao ni sisi sisi tufanyao kazi pamoja. Gari likichukuliwa, mkopo haufutwi. Na mkopaji akishindwa kulipa, akiba zetu ndizo zikatwazo. Kwa hiyo mwenzako akikuletea fomu ya udhamini kwa ajili ya motokaa, mwombe kwanza karatasi ya sachi. Akikasirika, na akasirike. Kalamu ibaki mfukoni mpaka ailete.