Ngozi Nzima Twaitibu, Ngozi Inayougua Twaificha



Kila Dominika, wakati wa kutakiana amani, mikono husema yale ambayo midomo huficha. Uso wa mwenzetu umekuwa mweupe, lakini viungo vya vidole vyake vimebaki vyeusi. Wote twaona. Wote twanyamaza, kisha nje ya kanisa twacheka. Kicheko hicho hakijamponya mtu hata mmoja.

Kosa letu ni maradufu. Ngozi nzima twaitibu kana kwamba inaugua; ngozi inayougua kweli twaificha kana kwamba ni laana.

Tuanze na ngozi nzima. Ndani yake zimo chembe ndogo zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Idadi ya chembe hizo hukaribia kuwa sawa kwa Mzungu na kwa Mwafrika. Tofauti ni wingi na aina ya rangi inayotolewa. Rangi hiyo ni mwavuli dhidi ya jua kali. Muumba alipoiona kazi yake kuwa njema, hakuiacha ngozi yetu nje ya hesabu.

Mafuta ya kujichubua huutoboa mwavuli huo. Mengine yana hidrokwinoni, mengine zebaki, mengine dawa za kortikosteroidi, ambazo zilikusudiwa kutibu magonjwa kama ukurutu, si kupakwa mwili mzima kila asubuhi. Hidrokwinoni ikitumiwa miaka mingi huweza kuleta usoni madoa ya samawati na meusi ambayo ni vigumu mno kuondoka: aliyetafuta weupe huvuna weusi asioujua. Afrika Kusini, ambako wanawake wengi waliumia hivyo, iliikataza katika vipodozi mwaka 1990. Zebaki huharibu figo, na humfikia mtoto tumboni mwa mama. Kortikosteroidi huipunguza ngozi unene hata ikajaa michirizi, na kidonda huchelewa kupona, hata kile cha mama aliyepasuliwa ili azae.

Mtu atanijibu: kujipamba si dhambi. Ni kweli, wala sikatazi misuko wala kitenge kizuri. Lakini kitenge huvuliwa jioni, na mwili ukabaki mzima. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Nani hubandua ukuta wa hekalu ili kulipamba?

Mwingine ana madoa ya kweli, yaliyoachwa na chunusi au yaliyotokea wakati wa ujauzito. Huyo asidharauliwe. Aache kinachomwasha, ajikinge na jua kwa kofia au mwavuli, avumilie miezi kadhaa, na akihitaji dawa aandikiwe na mganga, kwa kipimo na kwa muda maalumu. Naye aliyezoea mafuta makali kwa miaka amwone mganga kwanza, kwa kuwa kuyaacha ghafla nako huweza kuiumiza ngozi.

Sasa niseme juu ya ngozi inayougua, na hapa najishtaki mwenyewe. Miaka iliyopita, mtoto mmoja katika darasa langu la katekisimu alikuwa na doa lililopauka mkononi. Jamaa yake walinong'ona kwamba ametupiwa kitu. Mimi, mwalimu niliyesomea ualimu, niliwashauri tusali novena. Sijuti kwamba tulisali; najuta kwamba tulisali tu. Ilipopita karibu nusu mwaka, muuguzi aligusa doa lile kwa pamba, na mtoto hakuhisi kitu. Ulikuwa ukoma. Dawa za ukoma hutolewa bure, nazo huchukua miezi 6 au 12. Zilimponya. Lakini vidole viwili vilikuwa vimekwisha kupinda, na vimebaki hivyo.

Si kila doa ni ukoma. Mbalanga, ambao waganga huuita vitiligo, huondoa rangi na hauambukizi kamwe. Madoa meupe kama ya chui kwenye miundi huweza kuwa alama ya ugonjwa unaoletwa na inzi weusi wa mito yetu, ule unaopofusha macho. Mtoto albino amezaliwa bila melanini ya kutosha. Anahitaji kofia na mikono mirefu ya shati, si minong'ono. Wanafunzi walipomwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata yule mtu akazaliwa kipofu, alilikataa swali lenyewe. Sisi twalirudia kila siku. Naye alipojiwa na mwenye ukoma, alinyosha mkono akamgusa.

Basi tusiwatupie lawama dada zetu peke yao. Nani humsifu bibi arusi kwa weupe wake kabla ya kumsifu kwa tabia? Nani huchagua wasichana weupe watangulie katika maandamano ya vipaji? Ni sisi akina baba, na sisi viongozi wa jumuiya. Anayeuza mafuta huuza tu kile ambacho sisi tumekwisha kukisifu.

Juma hili, katika kila jumuiya ya msingi, na tufanye mambo mawili: tuache kusifu rangi, na kila mwenye doa tusilolielewa tumsindikize hadi kituo cha afya, tukisali njiani.