Madam, nimekosa wapi? (Garnacha za bei poa na maksi za kukisia)

Najua nimepotea, msinishikie bango. Wiki mbili hizi zilikuwa za kuwasilisha kazi za vikundi, na kwa Kihispania changu hiki cha kuungaunga, ukurasa mmoja nauandika mara tatu. Leo nimepumua, kwa hiyo tupige stori kidogo.

Kwa wageni: mimi ni mwanafunzi wa ualimu, mwaka wa tatu, mtoto wa Dodoma, niko hapa Zaragoza, Hispania, kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi. Boom la huku lina tabia ileile ya boom la kwetu: likiingia tarehe moja, tarehe kumi unalitafuta kwa tochi. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililotufikisha kwenye mada ya leo, yaani mvinyo mwekundu wa bei ya mwanafunzi. Wasiokunywa msifunge ukurasa. Mvinyo ni njia tu, niendako ni darasani.

Ukiishi Zaragoza huikwepi Garnacha. Ndiyo zabibu ileile ambayo Wafaransa wanaiita Grenache na watu wa kisiwa cha Sardinia wanaiita Cannonau. Kusini ya mji, takriban kilometa 50, kuna Cariñena. Upande wa magharibi, chini ya mlima Moncayo, kuna Campo de Borja, wenyewe wanajiita milki ya Garnacha. Ukishika barabara ya Madrid unakutana na Calatayud. Ardhi yenyewe ukiiona utadhani uko njia ya Hombolo: kavu, mawe, vumbi, na upepo wao unaoitwa cierzo, unaoshuka na bonde la mto Ebro ukakupiga mpaka unatembea upande upande. Garnacha inazipenda shida hizo. Inavumilia ukame na upepo, na mizabibu ya zamani wala haifungwi kwenye nyaya, inaachwa isimame yenyewe kama kichaka kifupi.

Mjomba wangu ana shamba la zabibu kule nyumbani, nikampigia kumsimulia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Enhe, wanavuna mara ngapi huko kwao?"

"Mara moja tu kwa mwaka."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mara moja? Sisi tunavuna mara mbili na bado tunadaiwa!"

Turudi kwenye glasi. Garnacha ina ngozi nyembamba, kwa hiyo mara nyingi mvinyo wake si mzito wa rangi na ukakasi wake si mkali. Inachelewa kuiva, sukari inajaa kwenye tunda, ndiyo maana kileo kinapanda kirahisi hadi asilimia 14 au 15. Harufu yake ni matunda mekundu na kaviungo kwa mbali. Nikitafuta mfano wa nyumbani nasema ni jamu ya forosadi iliyodondoshewa pilipili manga. Kwa miaka mingi Wahispania wenyewe waliidharau, wakaiona ya kuuza kwa jumla au kuongezea nguvu mivinyo mingine, na mashamba mengi ya mizabibu mizee yaling'olewa. Iliyobaki leo inasifiwa, lakini bei bado haijapanda sana. Chupa ya kueleweka unaipata kwa euro 3 hadi 6. Hapo ndipo wanafunzi tunapoingia.

Jumamosi moja wanyumba wenzangu wakaja na wazo: tununue Garnacha kadhaa, tuonje kwa kificho, tuzipe maksi chini ya 100 kama wanavyofanya wataalamu. Tuko watano, kila mmoja akatoa euro 5. Tukapata ya Campo de Borja kwa euro 3.40, ya Cariñena kwa 4.20, ya Calatayud kwa 5.60, na ya Ufaransa, Côtes du Rhône, kwa 5.90. Hiyo ya mwisho ni mchanganyiko, lakini kwa kawaida Grenache ndiyo mama wa mchanganyiko wenyewe. Chenji ikaenda kwenye mkate na jibini. Mwenzetu Msardinia akaongeza Cannonau aliyoletewa kutoka kwao, thamani yake euro 14. Yeye alikuwa kwenye dozi ya antibayotiki, hanywi, basi tukampa kazi ya kumimina jikoni. Sisi wanne tukakaa sebuleni na karatasi.

Zikaja glasi sita, zimeandikwa namba. Sita, wakati chupa ni tano. Hakuna hata mmoja wetu aliyehesabu! Na sisi ndio walimu watarajiwa.

Nitawaambia ukweli nilichokuwa nafanya pale. Sikuwa naonja, nilikuwa naitafuta ile ya euro 14. Glasi namba 2 nikaipa 61, nikaandika "mwepesi, wa kitoto, unaisha haraka". Glasi namba 5, nikiwa nimeshakula jibini na stori zimenoga, nikasema ndiyo yenyewe hii. Nikaipa 84. Nikaandika "umekomaa, una tabaka nyingi". Sijui hata tabaka nilizihesabu kwa kidole gani.

Wastani wetu wanne ulikuwa hivi, na msiyachukue kama matokeo ya NECTA:

1. Calatayud, euro 5.60: maksi 79. Matunda mengi, pilipili manga kwa mbali, haichomi koo.
2. Côtes du Rhône, euro 5.90: maksi 76. Kavu zaidi, nzuri na chakula.
3. Cannonau, euro 14: maksi 74. Harufu ya majani makavu, inataka utulivu, na sisi hatukuwa nao.
4. Campo de Borja, euro 3.40: maksi 72. Tunda tupu, haina makuu.
5. Cariñena, euro 4.20: maksi 70. Nzito kuliko zote, ukakasi umezidi kidogo.

Msardinia akaacha tushangilie weee, halafu akasema: "Namba 2 na namba 5 zimetoka chupa moja." Ile ya euro 3.40.

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Mimi nilicheka na wenzangu, lakini 61 na 84 zilinikaa rohoni. Tofauti ya maksi 23, mtu mmoja, jioni moja, chupa moja. Kwa madaraja ya shule hiyo ni tofauti ya kutoka C mpaka A.

Nikaenda kusoma, nikakuta siko peke yangu. Robert Hodgson, mwanatakwimu mstaafu ambaye pia ana kiwanda kidogo cha mvinyo, aliwapima majaji wa shindano la California State Fair kwa mtindo huohuo. Mvinyo mmoja unamiminwa mara tatu kutoka chupa moja, ukichanganywa na mingine, jaji hajui. Matokeo aliyatoa mwaka 2008: ni kama jaji mmoja tu kati ya kumi aliyeweza kuupa maksi za daraja moja mara zote. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa Bordeaux ambapo wanafunzi 54 wa somo la mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yalishaamua kabla pua haijafika.

Sasa ngoja niseme kwa nini natapatapa na mambo ya chupa. Mizani ya maksi 100 iliyoenea kwenye mvinyo aliipa umaarufu Mmarekani Robert Parker, aliyeanzisha jarida lake mwaka 1978, na aliitoa kwenye madaraja ya shule za Marekani. Yaani ni mzani wetu sisi walimu. Na mzani wenyewe ulishashukiwa zamani sana. Mwaka 1912 Daniel Starch na Edward Elliott walisambaza karatasi ileile ya mtihani wa Kiingereza kwa walimu wa shule nyingi waisahihishe. Mwalimu mmoja akaipa 64, mwingine akaipa 98. Karatasi ileile! Hii tumefundishwa kwenye kozi ya upimaji na tathmini, nikaikariri, nikajibu mtihani, nikapata B+. Nikasahau.

Mwaka jana nilikuwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya sekondari ya kata, siitaji. Nikapewa kidato cha pili, nikawapa insha. Karatasi 94, maksi zinatakiwa asubuhi. Mwongozo wa usahihishaji sikuandika, nilijiambia insha nzuri naijua nikiiona. Karibu na saa nne usiku umeme ukakatika, nikamalizia kwa tochi ya simu. Kulikuwa na kijana mwandiko wake kama kuku amepita kwenye matope. Nikampa 38.

Kesho yake wakati wa mapumziko akanifuata, ameshika karatasi mbili, yake na ya rafiki yake aliyepata 57. Walijiandaa pamoja, hoja zao zilifanana karibu zote. Akaniuliza kwa adabu kabisa: "Madam, nimekosa wapi?"

Nikazigeuza zile karatasi mbele na nyuma. Hakukuwa na kitu cha kumwonyesha. Nilichokuwa nacho ni namba tu, nyekundu, nimeizungushia duara. Nikamwambia, "Mwandiko wako. Jitahidi siku nyingine." Akasema, "Asante madam," akaondoka.

Basi hoja yangu ya leo ni hii moja: mtu asiyeweza kujibu swali la "nimekosa wapi" hana haki ya kutoa maksi. Awe jaji wa mvinyo, awe mwalimu, awe mimi.

Najua kuna wadau watasema ladha haina hakimu, kila mtu na ulimi wake. Sawa kabisa. Ukisema "naipenda hii" hakuna wa kukubishia, ulimi ni wako. Lakini ukiandika 84 hujasema unapenda, umesema kitu hiki kina thamani hii, mwenzako akitegemee. Kupenda ni kwako, maksi ni ya mwenzio. Mkulima wa kule Borja anauza au hauzi kwa namba hiyo. Mtoto wa watu anapanda au anabaki kwa namba hiyo.

Wala sisemi tufute maksi. Kuna wanaosema hivyo na ni wavivu tu, maana bila maksi kinachobaki ni kujuana. Na wapo waonjaji wanaojua kazi yao, waliojifunza miaka mingi. Ninachosema ni kwamba kujua peke yake hakutoshi kama huna utaratibu wa kukulinda na nafsi yako, na njaa yako, na tochi ya simu.

Jumapili iliyofuata tulirudia. Safari hii tulikaa kwanza tukaandika mwongozo, jumla maksi 20: harufu 6, uwiano wa tunda, uchachu, ukakasi na kileo 8, kudumu kwa ladha mdomoni 4, na "ningeinunua tena kwa hela yangu" 2. Rangi hatukuipa kitu, tumeshaona inavyodanganya. Mvinyo tuliupoza kidogo, maana Garnacha ikiwa ya moto kileo ndicho kinachotangulia puani. Tukala baadaye, tukatema badala ya kumeza. Msardinia akarudia ujanja wake wa kurudufu chupa. Watatu wetu tulipishana na nafsi zetu kwa maksi 1 au 2 tu. Mmoja alipishana kwa 5, akasema mafua. Hatujawa wataalamu, ila kila namba sasa ilikuwa na sababu yake pembeni. Na ile ya euro 3.40 ikapanda hadi nafasi ya pili. Mkifika huku, Calatayud ya euro 5 na kitu au Campo de Borja mpya, hamtajuta.

Kwa walimu wenzangu mnaokwenda field muhula huu, nawaomba mambo manne tu. Andika mwongozo kabla ya kufungua karatasi ya kwanza. Funika majina. Sahihisha swali la kwanza kwa darasa zima ndipo uende la pili. Halafu chukua karatasi tano za mwanzo uzirudie mwishoni bila kutazama ulizipa ngapi. Ukikuta 61 imekuwa 84, lala, uendelee kesho. Mkuu wa taaluma akikufokea kwa kuchelewesha, afadhali akufokee.

Yule kijana sasa atakuwa kidato cha tatu. Ile 38 ilishaandikwa kwenye daftari la maksi, na mimi nilishaondoka pale. Nimemtumia ujumbe mwalimu aliyekuwa akinisimamia, nimemweleza nilichokosea na kuomba kama ile insha bado ipo isomwe upya na mtu mwingine. Hajajibu bado. Akijibu nitawaambia.

Ngoja nikaoshe glasi, leo zamu yangu. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.