Wasia ni wa Kuongeza, si wa Kutoa: Kesi ya Mengi na Sisi wa Oman

Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, alinijia nyumbani rafiki yangu wa siku nyingi. Mimi na yeye tulikuja Oman miaka ya sabini, na kwa muda mrefu tukenda pamoja soko la samaki Matrah kila asubuhi ya Ijumaa. Kahawa haijamiminwa, akatoa bahasha. "Bwana Karani," akanambia, maana ndivyo aniitavyo mpaka leo, "niandikie wasia. Sitaki yule msichana apate hata tofali moja la nyumba yangu."

Mimi nilikuwa karani maisha yangu yote ya kazi. Nilisomeshwa na mapadri huko bara, wakanipa khati nzuri, Kiingereza, na tabia ya kuisoma karatasi mpaka mwisho kabla ya kutia saini. Kiarabu cha ofisini nilijifunza hapa hapa Maskati. Kwa hivyo wazee wenzangu huniletea karatasi zao hata sasa nilipostaafu.

"Yule msichana" ni binti yake wa pekee, mtu mzima wa miaka zaidi ya 40. Kosa lake ni kuolewa Uingereza na mtu ambaye si wa kabila lao. Baba hajasema naye kwa miaka 9. Kila Ijumaa binti humpigia simu mama yake, na swali lake la kwanza ni sukari ya baba. Simu ikilia, mzee hutoka nje.

Nilimjibu kuwa wasia wa namna hiyo ni wino wa bure. Sheria ya Ahwal Shakhsia ya hapa Oman, iliyotoka kwa Amri ya Sultani nambari 32 ya mwaka 1997, imefuata sharia: wasia hauvuki thuluthi moja ya mali ila warithi wakiridhia, na mrithi hausiwi ila warithi wenziwe wakubali. Fungu la binti limekwishakatwa na Mwenyezi Mungu, na kalamu ya baba haiwezi kulifuta. Akanyamaza, kisha akasema: "Basi andika kuwa nimemuuzia mwanangu mdogo, na pesa amekwishanilipa. Wewe tia saini, uwe shahidi." Nikamuomba wiki moja. Makala hii ni matunda ya wiki hiyo.

Nilianza kwa kurudi kwenye kesi ambayo wengi wetu tuliifuata. Dr. Reginald Mengi, mwenyekiti wa IPP, mwenye ITV, Radio One na gazeti la Nipashe, alifariki Dubai tarehe 2 Mei 2019, akazikwa kwao Machame, Kilimanjaro. Ukatolewa wasia wenye tarehe ya 17 Agosti 2017. Mali ilikwenda kwa mkewe wa pili, Jacqueline, na watoto wao pacha. Watoto wakubwa wa mke wa kwanza, Abdiel na Regina, hawakuwamo. Familia ikapinga, na shauri likasikilizwa na Jaji Yose Mlyambina wa Mahkama Kuu, Dar es Salaam.

Mei 2021 Jaji akaubatilisha wasia ule. Miongoni mwa sababu alizozitaja, tatu zatuhusu sana. Kwanza, mahkama iliona kuwa marehemu alikuwa mgonjwa na hakuwa katika hali ya kuweza kuandika wasia. Pili, watoto walitolewa bila ya kuelezwa sababu. Tatu, katika mashahidi hakuwamo mke wala jamaa. Usimamizi wa mirathi ukapewa mwanawe Abdiel na nduguye marehemu, Benjamin Mengi.

Nilipoisoma sababu ile ya kwanza nilikumbuka darasa la skuli ya mapadri. Padri wetu alitusimulia kisa kilichomo katika Biblia yao, cha Isihaka aliyezeeka akapofuka, akambariki Yakobo huku akidhani yuko na Esau. Esau aliporudi na mawindo yake, baraka ilikwishatoka. Sisi Waislamu tuna adabu yetu katika khabari za manabii, nami sikisimulii kisa kile kwa kukisadiki wala kukikanya. Nasema tu kuwa khofu ya mzee asiyeona vizuri, amezungukwa na watu wenye haja zao, ni khofu ya zamani sana. Rafiki yangu ana miaka 78, na macho yake yameanza kuziba. Nani atakayeapa mbele ya kadhi kuwa karatasi ile aliisoma mwenyewe?

Sababu ya pili nayo si ngeni. Tanzania Bara zipo kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963. Zinamruhusu mwenye mali kumtoa mrithi katika wasia, lakini kwa makosa yanayohesabika: kuzini na mke wa mwenye wasia, kujaribu kumuua au kumjeruhi yeye au mama wa mrithi huyo, kumtupa wakati wa njaa au maradhi bila ya sababu, na kuharibu mali yake. Tena lazima asema makosa hayo waziwazi, na anayetolewa apewe nafasi ya kujitetea mbele ya mwenye wasia mwenyewe au baraza la ukoo. Wazee wale wa mila hawakumzuia baba kukasirika. Walimzuia kukasirika kimyakimya. Nikajiuliza, binti wa rafiki yangu ameingia katika kosa lipi? Hakupiga, hakuharibu mali, na kuhusu maradhi, yeye ndiye anayeuliza sukari kila Ijumaa.

Nikaangalia na Uingereza, kwa kuwa jamaa zetu wengi wako huko, na kwa kuwa huko mtu yu huru kumuusia amtakaye. Mama mmoja alifariki mwaka 2004 akaacha kiasi cha pauni 486,000. Karibu zote aliziusia mashirika ya kutunza wanyama. Binti yake wa pekee hakupata kitu, kwa sababu alitoroka nyumbani akiwa na miaka 17 akaolewa na kijana ambaye mama hakumpenda. Binti akenda mahkamani kwa sheria ya mwaka 1975, inayowaruhusu jamaa wa marehemu kudai matunzo ya kuwatosha. Akapewa pauni 50,000. Mahkama ya Rufaa ikazidisha mpaka 143,000 mwaka 2015. Machi 2017 Mahkama ya Juu ikazirejesha 50,000 zile zile. Zaidi ya miaka 10 ya mawakili, kwa ndoa ambayo mama alikuwa na miaka yote ya uhai wake ya kuisamehe.

Hapo msomaji wa Maskati atasema: alhamdulillah, sharia yetu imetukinga na fitina hiyo. Maneno hayo ni kweli nusu. Mlango wa mbele umefungwa, lakini wako wanaopita dirishani. Huandikwa mauzo yasiyo na pesa. Hutolewa hiba kwa mtoto mmoja, na wengine hawaambiwi mpaka siku ya matanga. Nyumba ya huku inaandikwa jina la mwana mkubwa, na ya Unguja jina la mwengine, na binti anaambiwa "wewe una mumeo". Karatasi zote huonekana safi. Fakihi wetu waliliona dirisha hilo zamani, ndiyo wakasema kuwa hiba ya mtu aliye katika maradhi ya mauti yahisabiwa kama wasia. Na sote tuliifundishwa hadithi ya Nuuman bin Bashir, ambaye baba yake alimpa zawadi na akataka Mtume, sala na salamu zimshukie, awe shahidi. Mtume akamuuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wake. Aliposikia hapana, alikataa kushuhudia.

Hadithi hiyo nimeisikia misikitini mara nyingi, na kila mara niliifahamu kuwa ni ya baba na watoto. Wiki ile ndipo nilipoona kuwa ni ya shahidi pia. Karatasi ya dhulma haisimami peke yake. Inahitaji karani wa kuiandika na watu wawili wa kuitilia saini. Mahkama ya Dar es Salaam iliuliza waliokuwamo chumbani ni nani. Kesho itamuuliza nani, kama si mimi?

Sasa wasia wenyewe kazi yake nini, ikiwa hauwezi kumtoa mrithi? Kazi yake ni kuongeza. Wazee wetu wa Kiibadhi walitilia mkazo sana wasia kwa jamaa wa karibu wasiorithi. Thuluthi ile imeachwa kwa ajili ya mtu ambaye mirathi haimfikii: ndugu fukara aliyezuiliwa na kuwapo watoto, mlezi, mtoto wa kulea, au mtoto aliyebaki Afrika na asiye na fungu kisharia. Hili la mwisho hatulipendi kulitaja, lakini linatajwa. Tarehe 30 Juni 2025 Mahkama ya Juu ya Kenya iliamua, katika mirathi ya Muislamu wa Mombasa, kuwa watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi kwa sababu hiyo, kwa kuwa Katiba ya 2010 imekataza ubaguzi. Masheikh wengi wameipinga hukumu hiyo, na hoja zao zina uzito, maana mafungu ya mirathi si ya kubadilishwa na jaji. Lakini aliye hai na mwenye mtoto wa namna hiyo hana haja ya kungoja majaji wala masheikh wagombane juu ya kaburi lake. Thuluthi iko mkononi mwake leo.

Wiki ilipotimia, rafiki yangu alikuja. Nilimrejeshea bahasha nikamwambia sitoiandika wala sitoitilia saini. Nikamwambia kuwa kama ana kosa la binti yake, amwite, alisema mbele yake na mbele ya nduguye, amsikilize na yeye. Alinitazama kwa muda. "Mapadri walikuharibu," akasema, akacheka kidogo, akanywa kahawa yake, akaondoka. Ijumaa mbili zimepita na hajaja kunipitia kwenda Matrah. Makarani wengine wako, na taipu siku hizi ni simu ya mkononi.

Nami usiku ule nilitoa wasia wangu kabatini. Niliuandika miaka 11 nyuma, na hakuna mtoto wangu aliyewahi kuusikia. Ijumaa iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, niliwakusanya nikawasomea wote. Mwanangu mkubwa hakuridhika na ile sehemu ya thuluthi niliyomwekea mtoto wa marehemu dada yangu, na alisema hivyo mbele ya wenziwe. Tulibishana mpaka alasiri. Nilifurahi kuwa alinibishia mimi, na si mwenziwe mahkamani.

Wabillahi tawfiq.